Hedifoni za kijana anayependa metali

MAMA mmoja jijini Nairobi alimpeleka mwanawe wa kidato cha pili Luthuli Avenue wiki ya kwanza ya likizo. Kijana alikuwa amefaulu mtihani, na ahadi ni deni. Muuzaji akamvisha hedifoni kubwa zenye taa pembeni na kufungulia wimbo wa dansi. "Hizi ziko na besi moto, mathe," akasema.

Kijana akaomba aweke wimbo wake, na wimbo wake ni metali. Ghafla gitaa zikasikika kama zimefunikwa kwa blanketi. Ngoma za miguu, ambazo katika muziki huu hupigwa kwa kasi kubwa, zikawa mvumo mmoja tu. Mama akaona jambo ambalo muuzaji hakuliona: kidole cha mwanawe kilikwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kuongeza sauti.

Shida iko hapo. Wazazi wengi huogopa metali kwa ajili ya mayowe ya mwimbaji na mafuvu kwenye fulana. (Huenda hawajui kwamba hata Nairobi ina metali yake, kundi la Duma lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Kampala.) Lakini sikio halijali fulana. Linachohesabu ni nguvu ya sauti na muda.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Sauti ikipanda kwa desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo kwenye desibeli 90 mtu mzima humaliza mgao wake wa wiki nzima kwa saa nne. Mwanafunzi anayesikiliza saa moja asubuhi na saa moja jioni ndani ya matatu angeumaliza Jumanne, na mgao wake ni mdogo kuliko huo.

Metali ina ugumu wake. Gitaa lake hunguruma bila kukatika, na nyimbo nyingi hurekodiwa zikiwa zimebanwa ili kila kitu kisikike kwa nguvu ile ile. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008, mashabiki wenyewe walilalamika kwamba sauti ilikuwa imepandishwa hadi ikawa inapasuka. Katika muziki wa namna hiyo sikio hupata nafasi chache za kupumzika.

Kwa hiyo hedifoni nzuri kwa kijana huyu ni zile zinazomwezesha kusikia kila chombo bila kuongeza sauti. Nyingi zinazouzwa kwa sifa ya besi hufanya kinyume: besi humeza gitaa, naye msikilizaji hupandisha sauti akilitafuta. Zile zinazoziba vizuri, zenye mito inayofunika sikio lote na mgongo usio na matundu, huzuia kelele za barabarani zisiingie. Akichagua zile ndogo za kuchomeka ndani ya sikio, mpira wake lazima umtoshe. Ukilegea, kelele zitaingia naye atapandisha tena. Zenye kifaa cha kupunguza kelele za nje husaidia sana ndani ya gari, ila bei hupanda. Na yeyote aliyeziba masikio azivue kabla ya kuvuka barabara. Hilo halina mjadala.

Zipo za watoto zilizowekewa kikomo, mara nyingi desibeli 85. Kikomo ni kizuri, lakini bado kiko juu ya 75, kwa hiyo muda lazima uhesabiwe. Jina kubwa kwenye boksi nalo lisimlaghai mtu. Nakala bandia ni nyingi mno madukani.

Jaribio la kweli hufanyika dukani, kwa wimbo wa mtoto mwenyewe, sauti ikiwa nusu. Aulizwe: gitaa la besi linasikika mbali na ngoma? Matoazi yanalia safi au yanakwaruza? Akijibu huku akitafuta kitufe, arudishe.

Nyumbani, WHO hupendekeza sauti isizidi asilimia 60 ya upeo wa kifaa, na simu nyingi zina mahali pa kuweka kikomo. Mtoto akianza kusema masikio yanalia baada ya kusikiliza, au kuuliza "ati?" kila mara, apelekwe hospitali akapimwe. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

Mama yule aliondoka na hedifoni nyeusi za kawaida, zenye waya, zisizo na taa hata moja. Muuzaji alisikitika kidogo. Jioni kijana alimvisha mamake ili asikie mwenyewe. Alivumilia dakika moja.

"Huyu anamgombeza nani?"

"Anaimba, mama."

Akazivua, akamrudishia. Kabla ya kwenda jikoni alitupia jicho simu ya mwanawe. Mstari wa sauti ulikuwa chini ya nusu.