Mtoto na Hesabu ya Pamba



Hapa Bariadi pamba ni fedha yetu. Tusipojua hesabu, jasho letu hupotea mizanini. Tuwafundishe watoto wetu wa darasa la tano hesabu hiyo.

Ukienda kuuza pamba siku isiyo ya shule, mchukue mtoto. Kabla ya kupima, aangalie mizani. Je, inasoma 0? Kisha asome uzito wa gunia mwenyewe. Tuseme ni kilo 46. Gunia tupu lina kilo 1. Atoe:

46 − 1 = 45

Pamba ni kilo 45. Tuseme bei ni shilingi 1,200 kwa kilo. Azidishe kwa mafungu:

45 × 1,000 = 45,000
45 × 200 = 9,000

Ajumlishe. Atapata shilingi 54,000.

Usimpe jibu upesi. Muulize, "Umepataje?" Akikosea, usimchape. Arudie polepole, hatua kwa hatua.

Mwisho, alinganishe jibu lake na stakabadhi. Zikitofautiana, ulizeni hapo hapo, kabla hamjaondoka.

Ndugu mzazi, usingoje msimu. Leo jioni mpe mtoto hesabu hii. Nawe ifanye pamoja naye.