PhD 118 na sura ya tatu iliyolala mezani

Wadau, nianze kwa kukiri: mimi niliishia kidato cha nne. Chuo kikuu nakijua kupitia karatasi tu. Nachapa tasnifu za watu kwenye saiba moja hapa Nairobi, shilingi 30 kwa ukurasa, na mtu akikuletea masahihisho mara nne hivi, unaanza kujua mpaka habari za nyumbani kwake.

Mnakumbuka kelele za mwaka 2019? Juni ile JKUAT ilitoa PhD 118 kwa mahafali moja. Watu wakawaka, eti zimetoka wapi zote hizo! Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ikaingia kuchunguza. Maneno mengi yakawa ya hesabu, maana kanuni za tume za 2014 zinasema msimamizi mmoja asizidishe wanafunzi 3 wa PhD na 5 wa uzamili kwa mwaka.

Sawa. Lakini kanuni hizo hizo ndizo zilizowapa wahadhiri miaka mitano wawe na PhD. Hebu fikiria: wenye uzamili wote wanakimbilia foleni kwa pamoja, na wa kuwasimamia ni wale wale wachache, ambao bado wana madarasa ya mchana, ya jioni na ya wikendi.

Sasa nina mteja wangu, mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wawili, anasomea uzamili. Tulichapa sura ya tatu, akaipeleka kwa supavaiza wake. Ikarudi baada ya miezi saba. Saba! Ndani kulikuwa na koma moja ya wino mwekundu na maneno mawili: "Rekebisha mbinu." Mbinu gani, hakuambiwa. Akipiga simu, mzee yuko mkutanoni. Na karo ya muhula haingoji mkutano uishe.

Nikamuuliza, huyo mzee ana wanafunzi wangapi? Akaniambia wawili.

Yaani kwa kanuni yuko safi kabisa.

Mteja mwingine, kijana wa chuo tofauti, profesa wake ana msururu wa wanafunzi. Lakini kila Ijumaa ya pili anamketisha nusu saa, mkali kama pilipili, anamwonyesha aya kwa aya palipoharibika. Huyo amemaliza. Mimi mwenyewe nilijifunza kupanga majedwali kwa masahihisho ya yule profesa, na hanijui.

Ndiyo maana zile kelele za 2019 zilinishangaza. Tulihesabu vyeti, tukahesabu wanafunzi, ila sikusikia mtu akiuliza sura moja inalala mezani kwa mwalimu miezi mingapi, na nani anamlipia mwanafunzi huo muda.

Basi tuhesabu sisi. Wewe uliye chuoni, andika hapo chini yako imekaa muda gani (jina la mwalimu usiweke tafadhali, sitaki kesi).

Yule mama faili zake bado ziko kwenye kompyuta namba 4. Hajarudi tangu Januari.