Mtoto wa mkimbizi asifungiwe mlango wa Exetat kwa sababu ya karatasi

Siku matokeo ya Exetat yanatoka, poda inaisha madukani. Hapa Butembo unaona vijana weupe tangu kichwa mpaka mabega, pikipiki zinapiga honi, mama anaimba katikati ya barabara. Wazee wanakumbuka wakati majina yalisomwa kwa redio. Leo matokeo yanaingia kwa simu, lakini poda ni ileile. Tangu mwaka wa 1967 mtihani huu wa Serikali ndio unaotenganisha vijana wa Kongo: huku mwenye diploma, huku asiye nayo.

Leo nataka tuongee juu ya wale ambao poda haiwafikii. Sisemi wale walioanguka. Nasema wale ambao hawakufika hata kwenye meza ya mtihani.

Katika familia moja inayopokea watu waliokimbia vita, nilikutana na msichana aliyetoka Kanyabayonga, mji ulioingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa sita 2024. Alikuwa amemaliza mwaka wa tano, opsioni ya biolojia-kemia. Alikimbia na mdogo wake mgongoni. Buletini zake zikabaki ndani ya sanduku nyumbani. Shule ya kwanza aliyoiendea ilimwambia: bila buletini, hakuna nafasi. Ya pili ilitaka kumpokea, lakini ilikuwa na pedagojia tu, tena arudie mwaka wa tano. Ya tatu ilikuwa na opsioni yake, lakini iliomba minervale ya miezi mitatu mara moja. Leo anauza makala sokoni. «Kaka, mimi sikuanguka,» aliniambia. «Hakuna aliyeniuliza swali hata moja.»

Hayo maneno yalinikaa kichwani. Ndiyo maana naandika.

Kwanza, wazazi, tuelewane namna mtihani unavyokwenda. Exetat haianzi siku ile ya bahasha zilizofungwa. Shule inatuma orodha ya wafinaliste wake kwa inspeksheni miezi mingi mbele. Asiye kwenye orodha hafanyi mtihani, hata awe na akili namna gani. Kisha inakuja sehemu ya nje ya sesheni, yenye insha ya Kifaransa, pamoja na kazi za mikono au somo la kufundisha kwa opsioni fulani. Mwishoni ndipo sesheni ya kawaida, siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni. Ili kupata diploma lazima ufikishe asilimia 50.

Kwa hiyo mtoto anayefika hapa mwezi wa pili au wa tatu akitafuta shule, tayari amechelewa. Tukimwambia «ngoja kwanza vita viishe, utarudi kwenu», tunamfungia mwaka mzima. Mwaka mmoja unakuwa miwili, na msichana wa miaka kumi na minane hangojewi na mtu. Anaolewa, au anabeba mzigo sokoni.

Najua mawazo ya maprefe, maana nimeongea nao. Wanasema: «Tukipokea mtoto bila karatasi, inspekta atatuuliza. Na kuna wanaodanganya, wanasema walikuwa wa sita kumbe waliishia wa nne.» Ni kweli, udanganyifu upo. Lakini dawa yake si kufunga mlango. Mwalimu anajua kupima. Mpe mtoto maswali ya hesabu, ya Kifaransa na ya opsioni yake kwa siku mbili, utajua alifika wapi. Mpokee kwa masharti, mwandikie inspekta barua, weka nakala. Muulize inspekta kama palmaresi ya shule alikotoka iliwekwa kwake. Walimu wengi wa shule zilizokimbia wako hapahapa mjini, wanapanga nyumba kama sisi. Prefe wa zamani anaweza kuja kutoa ushuhuda na kutia sahihi. Shule iliyokimbia haijafa, imetawanyika tu.

Jambo la pili ni opsioni. Hapa sisi wazazi na ndugu wapokezi tuna kosa letu. Tunatafuta shule iliyo karibu na iliyo na bei nafuu, tunamwingiza mtoto, basi. Mtoto wa biolojia-kemia anajikuta katika pedagojia au biashara, miezi sita kabla ya mtihani, akiulizwa masomo ambayo hajawahi kuyaona. Hata akipita, njia ya udaktari au ya kilimo itakuwa nzito kwake. Heri atembee saa nzima kwa miguu kuliko kubadili opsioni mwaka wa mwisho.

Jambo la tatu linaniumiza zaidi. Kuna familia zinazokosa pesa ya vitabu lakini zinapata pesa ya «majibu». Kila mwaka watu wanauza kwenye WhatsApp majibu ya Exetat, usiku wa kuamkia mtihani. Nimeona mzazi aliyeuza mbuzi wake wa mwisho kwa karatasi ya namna hiyo. Ndugu zangu, maswali yana seri mbalimbali. Jirani yako kwenye meza hana mpangilio sawa na wako. Muuzaji anajua hivyo, na asubuhi simu yake imezimwa. Na hata yule aliyebahatika kupata asilimia 70 kwa kunong'onezwa, chuoni atanong'onezwa na nani? Vyuo vingine vinaomba asilimia ya juu kwa udaktari, vingine vinafanya mtihani wao wa kuingia. Kwa mpango mpya wa LMD, ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu. Aliyeingia bila msingi, mwaka wa kwanza ndio unamrudisha nyumbani, na pesa ya familia imekwisha. Mbuzi yule angelipa mwalimu wa kurudilia hesabu miezi miwili.

Sasa tufanye nini? Kwa familia zilizokimbia: mkifika tu, hata kabla ya kupata nyumba, pelekeni mtoto shuleni. Andikeni jina la shule ya zamani, la prefe, mwaka, opsioni, na namba ya kudumu iliyo kwenye buletini kama mtoto anaikumbuka. Na ninyi mlio bado vijijini, pigeni leo picha ya buletini zote kwa simu, mtumie ndugu aliye mjini. Karatasi inaungua, lakini picha iliyo kwa mjomba haiungui. Chuo kitaomba buletini za miaka miwili ya mwisho pamoja na diploma, msisahau.

Kwa kijana aliyekaa miaka mingi nje ya shule: kuna njia ya otodidakti, lakini nayo ina mtihani wake wa kwanza. Uliza kwa inspeksheni mwenyewe, usimpe pesa mtu wa kati.

Kwa maprefe na makanisa yenye shule: kila darasa la mwisho liweke nafasi tano kwa watoto waliokimbia, na minervale ilipwe kidogo kidogo. Nafasi tano hazivunji shule. Mji wetu umepokea watu ndani ya nyumba zake bila kuwaomba buletini. Darasa nalo ni nyumba.

Yule msichana wa makala nimempeleka kwa prefe mmoja Jumatatu. Amepewa maswali ya kemia. Amejibu saba kwenye kumi, mkono mweusi wa makala bado. Tunangoja barua ya inspekta.