Tofali Halina Chama

Juma hili tuzungumzie kazi za kujitolea ambazo wafuasi wa vyama huziandaa wakati wa kampeni, kwani jambo hili huingia hata katika nyumba za askari.

Burundi, kufanya kazi pamoja ni desturi ya kale. Wazee waliiita ikibiri: leo shamba lako, kesho langu. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2005 ilitilia mkazo kazi za umma za Jumamosi asubuhi. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa, watoto wakafurika madarasani, na wananchi wakabeba mawe na tofali kujenga shule. Jasho hilo ni la kuheshimiwa.

Lakini kazi ya kampeni ina kipimo chake, na kipimo hicho ni majira. Kura za kuchagua Rais au Wabunge za mwaka 2010, 2015, 2020 na 2025 zilipigwa kati ya Mei na Julai. Hicho ndicho kiangazi, wakati mwema wa kufyatua tofali na kuzianika. Mnamo Septemba shule hufunguliwa na mvua hukaribia. Ukuta wa tofali mbichi usioezekwa mapema hurudi kuwa udongo. Basi mfuasi wa kweli ni yule anayeonekana Julai na Agosti, bendera zikiwa zimekwisha kushushwa, akipandisha paa.

Kipimo cha pili ni nani ameitwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofurika na kuingia majumbani hapa Rumonge, maji hayakumwuliza mtu kadi ya chama. Mfereji unaochimbwa kwa ajili ya mtaa mzima na utangazwe kwa mtaa mzima, na fulana za chama zibaki nyumbani asubuhi hiyo. Jirani akidhani kwamba kushika jembe ni kutangaza chama, atajifungia ndani, na mikono itapungua. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na wewe askari, ewe polisi? Katiba inakukataza kuwa mwanachama wa chama chochote. Haikukatazi kusomba mchanga wa shule anayosoma mwanao. Nenda katika kazi ya umma iliyoitishwa kwa wote. Ile iliyoitishwa kwa jina la chama, iache ipite. Mkeo na watoto wako waliokwisha kukomaa ni raia huru: wana haki ya kujiunga na chama au kutojiunga. Usiwaamrishe, wala usikubali jina lako na cheo chako vitumike kuwakusanyia watu.

Akina mama mnaopika chakula cha wajenzi, nanyi mnayo sauti. Kabla ya kuinjika sufuria, ulizeni: mabati yako wapi, na nani atayapigilia baada ya kura?