Faili la Muda na Mzigo Usiokuwa wa Mtumiaji

Jioni moja ya mwezi Julai, wakati upepo wa Ufipa unapomlazimisha mtu kufunga koti hadi shingoni, nilikuwa kwenye foleni katika steshenari moja mjini Sumbawanga. Mbele yangu palizuka mabishano.

"Dada, hukusevu."

"Nilisevu, kaka. Nimebonyeza mara mbili."

Binti huyo alikuwa amepanda kutoka bonde la Rukwa kwa basi la alfajiri. Aliufungua wasifu wake moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, akaurekebisha kwa saa mbili, akauhifadhi, akaufunga. Alipotaka kuuambatisha kwenye maombi ya kazi, akakuta ni ule wa zamani. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa usiku huohuo. Kijana wa steshenari alitafuta kila alipojua, hakuuona, kisha akatoa hukumu: "Tatizo watu hawajui kompyuta." Foleni nzima ikatikisa vichwa kukubali. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nusura nitikise changu.

Ndugu msomaji, leo naipinga hukumu ile. Binti alisema kweli. Alihifadhi.

Kilichotokea ni hiki. Mtu anapofungua kiambatisho bila kukipakua kwanza, baadhi ya programu hutengeneza nakala ya muda na kuiweka katika folda iliyofichwa, kisha huikabidhi nakala hiyo kwa programu ya kuandikia. Mtumiaji anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kazi yake inahifadhiwa kweli, lakini ndani ya folda ambayo hakuichagua, hakuonyeshwa, na ambayo inaweza kusafishwa bila yeye kuambiwa. Programu mbili zimepeana mzigo, na anayeulizwa mzigo uko wapi ni mtu ambaye hakushirikishwa katika makabidhiano.

Sasa tazama upande wa pili. Wakati kijana yule anatafuta wasifu uliopotea, kioo cha kompyuta kilitujaza vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, vyeti vya kidato cha nne na barua za talaka za watu tusiowajua. Walifika siku fulani kuchapa ukurasa mmoja, wakalipa, wakaondoka. Mafaili yao yakabaki katika folda ya vipakuliwa. Faili linalohitajika limetoweka, na faili lililopaswa kutoweka limebaki. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja: kazi ya muda kati ya programu na programu imeachiwa mtumiaji, naye hajapewa macho ya kuiona.

Wapo watakaosema ndivyo kompyuta zilivyo. Sivyo. Mwaka 1973, katika maabara za Bell nchini Marekani, mfumo wa Unix uliwekewa njia ya kupitisha matokeo ya programu moja moja kwa moja hadi programu nyingine, ili mtu asilazimike kuandika faili la kati na kukumbuka kulifuta. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kompyuta za Acorn za Uingereza zilimwezesha mtumiaji kuikokota picha ndogo ya faili kutoka programu moja na kuidondosha ndani ya nyingine, bila kulihifadhi kwanza popote. Suluhisho lina umri wa kutosha kuwa mzazi wa binti yule.

Hata hapa Ufipa hekima hii si ngeni. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu, ilungu, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuri dogo kabla ya kukifua kuwa jembe. Kati ya hatua na hatua palikuwa na chuma ghafi, na ghafi hilo lilikuwa jukumu la wahunzi wenyewe. Mkulima alikabidhiwa jembe. Hakuna aliyemlaumu kwa kutojua ghafi limelazwa wapi.

Nasi wasomi tuna sehemu yetu ya lawama. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na programu yenyewe ilikuwa huria: tungeweza kuifungua na kuibadilisha. Tulibadilisha maneno, tukauacha utaratibu. Tukaendelea kufundisha madarasani kwamba kujua kompyuta ni kujua faili limejificha wapi. Nami nimewahi kumkata mwanafunzi alama kwa kosa kama la binti yule. Nakiri nilimwadhibu asiyehusika.

Najua hoja ya kwamba kuhifadhi mtandaoni kumemaliza tatizo. Kumelipunguza kwa mwenye kompyuta yake na bando la uhakika. Hakujamfikia anayelipia dakika katika kompyuta ya watu wote. Wala sipingi mafunzo; napinga mafunzo kugeuzwa kisingizio cha ubovu wa kifaa.

Tudai basi mambo matatu. Mtengenezaji wa programu aonyeshe wazi kwamba faili lililofunguliwa ni nakala ya muda, na aulize pa kulirudisha kabla halijafungwa. Taasisi ziache kumtaka mwombaji ajaze fomu mtandaoni, aichape, aisainishe, aiskani na kuipandisha tena. Kila hatua huzaa faili jingine la kupotea au kuibwa. Wenye steshenari nao wafute mafaili ya mteja kabla hajatoka mlangoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, hairuhusu taarifa za mtu kutunzwa kupita muda wa hitaji lake, na sioni hitaji gani linaloweka talaka ya mtu kwenye kompyuta ya mtaani mwaka mzima.

Binti yule aliutuma wasifu wa zamani, kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Aliyeusoma huko ofisini huenda alimwona mzembe. Hakuwa mzembe. Alihifadhi.