Tuchore Nani Anamla Nani Kivu

Ndugu zangu wa Giheke,

Isambaza, samaki wadogo tunaowanunua Kamembe, si wenyeji wa Ziwa Kivu. Walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakamwagwa humu kwa kuwa maji ya katikati hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Mpango ulifaulu, na leo ni kitoweo cha maskini na tajiri, Rwanda na Kongo. Lakini ukiongeza mlaji, yuko anayeliwa. Dafnia, kijidudu kikubwa kilichokuwa hodari wa kuchuja mwani, kilitoweka ziwani baada ya wageni hao kuingia.

Kwa hiyo naomba hivi: umuganda wa mwezi huu, kazi yetu ya pamoja, ukiisha, kabla hatujatawanyika, tutandike karatasi kubwa tuchore mtandao wa chakula wa ziwa letu. Tuanze na mwani, mzalishaji anayejipikia kwa jua. Vifuate vijidudu vinavyoula, kisha isambaza, kisha mdiria, mnandi na sisi wenyewe. Mshale uelekee kwa mlaji, maana ndiko chakula kinakokwenda. Watoto huuchora kinyume, na watu wazima pia, tusidanganyane. Tusiwasahau bakteria wanaoozesha mizoga. Kivu ina tabia yake: chini ya mita 70 hivi hakuna oksijeni, na sehemu kubwa ya rutuba ya kinachozama hukwama huko. Upepo wa kiangazi huchanganya maji ya juu tu. Ndiyo sababu mojawapo ya ziwa kubwa namna hii kutokuwa na samaki tele kama mtu anavyodhani.

Wavuvi wa usiku, siku hiyo ninyi ndio walimu. Mnajua taa inavyowavuta isambaza, na mnajua wadogo hukulia karibu na ufuko. Wakubwa huwala hata watoto wa jamii yao. Mshale huo unaorudi kwenye jina lile lile uchoreni ninyi, watoto wataupenda. Baada ya hapo hatutahitaji hotuba kuhusu kaningini, wavu ule wa matundu madogo mno, wala kuhusu miezi ya kufunga uvuvi. Kila mtu atahesabu mwenyewe mishale inayokatika.

Walimu, leteni kalamu za rangi. Nanyi wazee mnaokumbuka Kivu kabla ya isambaza, njooni mapema, kwani mmebaki wachache.