KAZI ZA MIKONO: Reli Ndogo Inaporefushwa

Katika mji wa bandari wa Hamburg, nchini Ujerumani, ndugu wawili, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka 2001 maonyesho ya treni ndogo ndani ya ghala la zamani. Tangu hapo kazi ya kutandika reli haikukoma. Marekani iliongezwa mwaka 2003, Skandinavia mwaka 2005, Uswisi mwaka 2007 na Italia mwaka 2016. Nafasi ilipokwisha, lilijengwa daraja la kuvuka mfereji hadi jengo la ng'ambo, na huko ikafunguliwa Amerika ya Kusini mwaka 2021.

Kila kitu hapo ni sehemu moja ya 87 ya kitu halisi. Kwa kipimo hicho, njia yenye upana wa milimita 1435, kama ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, huwa na upana wa milimita 16.5. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda, ambayo upana wake ni mita moja, ingekuwa na milimita 11 na nusu tu.

Hamburg wako mafundi wa kulipwa. Lakini katika nyumba za kawaida za Ujerumani na Uingereza, mwenye treni hizo ni baba wa watu arejeaye kazini jioni, ambaye kwa miaka miwili au mitatu ameijenga meza yake pamoja na wanawe. Vilima vimekwisha pakwa rangi, stesheni imesimama, treni inazunguka. Sasa watoto wanadai njia ndefu zaidi, na meza ya pili imeletwa. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa njia ya kuingilia meza mpya haina budi kufunguliwa kwa msumeno katikati ya kazi iliyokwisha kamilika.

Fundi mwenye busara haanzi na msumeno. Huanza na pimamaji. Meza mbili hukazwa pamoja kwa boliti mpaka nyuso zake ziwe sawasawa kabisa, kwani ukingo wa gurudumu la treni hiyo una kina cha milimita moja hivi, na tofauti ya nusu milimita, ambayo jicho la haraka halitaiona, kwake ni ngazi. Kisha reli zote hupangwa bila gundi wala msumari, na behewa lililo refu kuliko yote husukumwa juu yake kwa mkono. Watoto huichukia hatua hii. Wangependa kuona injini ikienda usiku uleule. Ila kosa lililogunduliwa kabla ya gundi halina gharama yoyote.

Mahali meza zinapokutana, njia na ipite moja kwa moja, isiwe kwenye kona wala pale inapogawanyika. Pande zote mbili za ufa huo hupigwa skrubu za shaba, vichwa vyake vikiwa sawa na tako la reli. Reli nzima hupitishwa juu ya ufa bila kukatwa, ikalehemiwa kwenye skrubu hizo, na hapo tu ndipo msumeno mwembamba unapoikata. Kwa kuwa ilishikwa kabla ya kukatwa, ncha zake hukabiliana barabara, hata meza zikitenganishwa na kuunganishwa tena.

Kona nayo ina hila yake. Reli inayopindika huuzwa kwa vipande vya milimita 914, na kikipindwa, chuma cha ndani huchomoza kupita cha nje. Wengi hukata kwanza, wakaunganisha baadaye, wakapata kona yenye kiwiko ambamo mabehewa huanguka kila siku. Afadhali vipande viwili vilehemiwe vikiwa vimenyooka, ndipo vipindwe kwa pamoja, na kilichochomoza kikatwe na kusuguliwa kwa tupa.

Umeme husahauliwa mara nyingi. Ni volti 12 tu, nao hudhoofika ukipita viungio vingi. Treni iliyotoka stesheni kwa fahari huanza kujikokota ifikapo meza mpya. Mwenye injini hulaumiwa bure. Dawa ni nyaya mbili nene chini ya meza, za rangi mbalimbali, na kutoka kwake vijiwaya viende kwa kila kipande cha reli, rangi moja upande mmoja daima.

Kokoto humwagwa mwisho kabisa, baada ya treni kwenda mbele na kurudi nyuma jioni kadhaa bila kuanguka. Hunyunyiziwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji na tone la sabuni, kwa uangalifu mkubwa karibu na vile visu vinavyogawa njia, maana gundi ikiingia humo havitasogea tena. Usiku huo treni hailetwi mezani.